Ipumzike Kwanza Ndipo Upime

Jumapili, 2 Machi

Shangazi amenipa daftari lake la zamani la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zimejaa vifua, viuno na urefu wa mikono ya watu nisiowajua. Za nyuma ni tupu, na hizo ndizo zangu. "Andika humo," alisema, "maana kuongea huongei."

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Ninaishi naye tangu nilipoanza kidato cha kwanza, na sasa niko cha tatu. Wazazi wangu wanafanya kazi mbali, na mama hupiga simu kila Jumapili saa nne asubuhi. Leo aliniuliza hujambo, nikasema sijambo. Shule? Nzuri. Una marafiki? Ninao.

Sina. Darasani wananiita Kamusi, na kamusi huulizwa jambo kisha ikafungwa.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana.

Jumatatu, 3 Machi

Miguu ya shangazi iliacha kazi kabla sijazaliwa, kwa sababu ya ajali. Anatembelea kiti cha mota. Chini ya kalio lake kuna betri mbili nyeusi, zile kavu zisizoongezwa maji, kila moja kama tofali dogo lakini nzito ajabu. Saa moja asubuhi anatoka peke yake, anapanda mteremko wa mitaa mitatu hadi chumba chake cha kushonea, na saa kumi na moja jioni anarudi peke yake. Cherehani yake ni ya kuzungusha kwa mkono. Mtu akitaka kumsaidia kusukuma kiti, humwambia, "Ondoa mikono, mimi si toroli."

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Soksi hazijakauka.

Alhamisi, 6 Machi

Kiti kimeanza kuchoka. Jana kilipunguza mwendo kabla ya kufika juu, na taa za usukani zinazoonyesha chaji zikabaki moja tu. Shangazi anasema ni unyevu tu. Nimeazima mita ya kupimia volti kwa mwalimu wa fizikia. Nilikaa nje ya ofisi yake vipindi viwili vya mapumziko kabla ya kuthubutu kugonga.

Kitabu kinasema betri moja iliyojaa ni volti kumi na mbili na nukta saba hivi. Mbili zikifuatana, ishirini na tano na nukta nne. Nusu ni ishirini na nne na nukta nne. Ukifika ishirini na tatu na nusu, huna kitu. Nilishangaa jinsi kujaa na kuisha vilivyo karibu. Ni kama mtu mwenye furaha na mtu mwenye huzuni wakisimama kwenye picha: tofauti ni ndogo, lazima usogee.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebandika karatasi ukutani juu ya soketi. Tarehe, saa, volti. Leo saa kumi na moja na nusu alfajiri, mara tu nilipochomoa chaja: 27.1.

"Imejaa pomoni, shangazi!"

"Asante, daktari."

Hakuna aliyewahi kuniita daktari. Nilienda shule nikiwa mrefu kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi nikamkuta shangazi sebuleni ameelekea ukuta, nywele zinadondosha maji. Kiti kilizima katikati ya mteremko, mbele ya duka la dawa, mvua ikinyesha. Alikaa pale karibu saa nzima akikataa msaada. Mwishowe wanaume wanne wakamshusha hadi nyumbani, mmoja akiimba kama wabeba mizigo. Huyo ndiye aliyemuudhi shangazi zaidi.

"Namba yako ya asubuhi ilisemaje?" aliniuliza bila kugeuka.

"Ishirini na saba."

"Basi namba yako ni mwongo."

Nilimletea taulo. Akajifuta uso tu, akanirudishia. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 14 Machi

Kwa fundi wa betri redio huwa imefunguliwa hadi mwisho, kwa hiyo anayetaka kusema naye hupiga kelele. Mimi siwezi. Nilimwandikia swali kwenye karatasi nikaliweka juu ya meza yake: *Betri mbili kavu za kiti cha mota. Zinasoma 27.1 asubuhi. Zinazima kabla ya saa mbili asubuhi. Kwa nini?*

Alisoma, akanitazama, akatazama karatasi tena. Nilidhani atanifukuza. Akachukua kalamu nyuma ya sikio, akaandika upande wa pili:

*Ulipima lini baada ya kuchomoa chaja?*

Nikaandika: *Hapo hapo.*

Akaandika: *Hapo hapo betri haisemi yake, inasema ya chaja. Chomoa. Usiiguse kwa muda wa saa nne, au hata mbili. Ipumzike kwanza ndipo upime.*

Kisha akasema kwa sauti, akishinda redio, "Unaandika vizuri! Mwanangu mwenyewe mwandiko wake kama kuku kavuka barabara!"

Nilikimbia bila kuaga.

Jumapili, 16 Machi

Shangazi haendi kazini Jumapili, kwa hiyo ndiyo siku ya kupima. Saa mbili asubuhi, chaja inachomolewa: 27.2. Saa nne mama alipiga. Hujambo, sijambo, shule nzuri. Saa sita nikarudi kwenye kiti: 24.9.

Kumbe wiki nzima nilikuwa nikimpeleka shangazi mlimani na robo tatu ya betri, nikimwambia imejaa.

Nilimweleza. Alikuwa anakata kitambaa mezani, pini mdomoni, na hakuzitoa ili kunijibu. "Sawa na wewe," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Simu ya mama yako ikikatika unang'aa kama chaja iko kwenye soketi. Ifikapo mchana unalaza kichwa juu ya kitabu hugeuzi ukurasa."

Nilisema nilikuwa nasoma polepole.

Jumanne, 18 Machi

Umeme umekatika tangu jana. Kiti hakijachajiwa.

Jumatano, 19 Machi

Bado.

Alhamisi, 20 Machi

Bado. 23.4. Kitabu kinasema betri ya madini ya risasi, kama hizi, ikiachwa tupu siku nyingi hukakamaa ndani isipokee chaji tena. Nimekisoma mara tatu nikitumaini sentensi itabadilika.

Ijumaa, 21 Machi

Umeme umerudi. Wateja wawili wamechukua vitambaa vyao kwa mshonaji mwingine. Shangazi amesema, "Waende, viuno vyao vilikuwa vinanisumbua." Lakini alifuta vipimo vyao kwa mstari wa taratibu sana, kwa rula.

Jumamosi, 29 Machi

Baba mdogo amekuja leo na gari. Yeye ni mdogo wao wa mwisho, mtu wa mashati yaliyonyooka, anayegonga meza kwa kidole anapozungumza. Alikunywa chai, akasifu pazia, kisha akasema kilichomleta.

"Dada, nimepata habari ya yale ya mvua. Njoo ukae kwangu. Nyumba yangu iko tambarare."

"Na kazi yangu?"

"Utashona pale pale chumbani. Nguo za watoto wangu tu zitakutosha mwaka mzima."

"Na huyu?"

Baba mdogo alinitazama kana kwamba nimeingia wakati huo. "Ataingia bweni. Shule si ina bweni? Ni msichana mtulivu, hatasumbua mtu."

Bwenini wanalala wasichana arobaini katika chumba kimoja. Nimeshapita mlangoni. Upweke wa peke yangu nimeuzoea. Ule wa katikati ya watu arobaini, sidhani.

Shangazi akasema kiti kiko salama, kilikwama siku moja tu. Ndipo baba mdogo aliposimama, akaenda kwenye soketi, akaanza kusoma karatasi yangu. Kwa sauti. "Tarehe kumi na mbili, kilizima. Tarehe kumi na saba, kilizima mtaa wa pili. Tarehe ishirini na nne, kilizima. Ishirini na saba, kilirudi kwa kusukumwa." Akageuka. "Dada, haya siyo maneno yangu. Ni mwandiko wa mtoto unayekaa naye."

Shangazi hakunitazama. Hicho ndicho kilichoniumiza. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwa rangi mbili, nyekundu kwa siku mbaya, ili kionekane vizuri.

Nilitaka kusema kwamba namba hizo niliziandika ili kumsaidia. Nilisema, "Bado sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kwa nini. Nikijua, kitapona." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama uzi. "Naomba mwezi mmoja."

Baba mdogo alicheka, si kwa ubaya. Akasema atarudi Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Kiti kikipanda mteremko mbele ya macho yake bila mkono wa mtu, hatasema neno tena. Kisipopanda, shangazi atapanda gari.

Alipoondoka niliibandua karatasi ukutani. Shangazi akasema, "Irudishe." Nikairudisha. "Ukweli si kosa lako," akasema. "Ila ile rangi nyekundu, mwanangu, ungeiacha tu."

Jumanne, 1 Aprili

Nimempelekea fundi nakala ya karatasi yote. Aliisoma akitafuna kifuniko cha kalamu, kisha akaandika:

*Umepima mbili kwa pamoja. Ni kama kuuliza hali nyumba nzima mlangoni: anayejibu ni mmoja. Pima kila moja peke yake.*

Jumatano, 2 Aprili

Nimefungua kifuniko cha betri chini ya kiti. Baada ya kupumzika: ya kushoto 12.8, ya kulia 12.2.

Jumla ni ishirini na tano kamili. Jumla hiyo nimekuwa nikiiamini tangu Machi.

Alhamisi, 3 Aprili

Fundi: *Sasa zipime zikifanya kazi. Mtu ameketi, mlima unapandwa. Hapo ndipo mbovu hujitaja.*

Nikaandika: *Nani atashika nyaya?*

Akaandika: *Wewe.* Akapigia mstari.

Jumamosi, 5 Aprili

Saa tatu asubuhi tulitoka. Mvua ilikuwa ya manyunyu, na watu wote wa mtaa walionekana kuwa na shughuli nje. Shangazi alikaa kitini ameinua kidevu. Mimi nilitembea nyuma yake nimeinama, kifuniko kikiwa wazi, waya mwekundu na mweusi mikononi, mita ikining'inia shingoni. Nilikuwa kama mtu anayekamua ng'ombe anayetembea.

"Kushoto?" shangazi aliita.

"Kumi na mbili na nukta tatu."

"Kulia?"

"Kumi na moja na nukta sita."

Mbele ya duka la dawa walikuwepo wasichana watatu wa darasani kwangu. Nilijua watakuwepo, kwa kuwa nilitaka sana wasiwepo.

"Kamusi!" mmoja akapaza sauti. "Unampima shangazi yako presha?"

"Ndiyo!" shangazi akajibu kabla sijafa. "Na yako tutaipima tukirudi, kaa hapo hapo!"

Walicheka mpaka wakashikana. Hata mimi nilihisi kicheko kikija, lakini kiliishia kooni. Mmoja wao, yule anayekaa dawati la mbele yangu, alikuja na mwavuli akaushika juu ya mita. "Maji yataingia," alisema. Akatembea nasi hadi mahali ambapo mteremko unakuwa mkali. 

Hapo penye ukali ndipo ilipotokea. Ya kushoto 12.1. Ya kulia kumi na nukta tisa, kumi, tisa na nukta nne. Taa za usukani zikazima na kiti kikasimama.

Nilipiga kelele, "Ni ya kulia! Ni ya kulia, shangazi!" Sijawahi kupiga kelele barabarani. Watu wawili walisimama kuangalia ni nani kashinda nini.

Ilibidi tusukume kurudi, mimi na yule mwenye mwavuli. Shangazi hakusema habari ya toroli.

Jumatatu, 7 Aprili

Yule wa mwavuli alinisalimia asubuhi. Nilijibu nikitazama kitabu. Nilipoinua macho alikuwa ameshageuka.

Nilipita kwa fundi. Alizima redio. Sikujua kwamba redio ile inazimika. "Nieleze kwa mdomo," alisema. "Huwa mnachaji lini?"

"Ikiisha," nilisema.

"Ikiisha vipi?"

"Ikiisha kabisa. Shangazi haruhusu kabla ya hapo."

Aliweka mkono kichwani kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Nilimfikishia shangazi swali hilo nyumbani, naye akajibu kama jambo lililo wazi: "Uzi mpya hauwekwi mpaka wa zamani uishe kwenye bobini ya cherehani. Ukiweka juu yake, unasokota. Nimeshona miaka thelathini hivyo. Betri nayo nimeitendea hivyo hivyo tangu nilipoletewa kiti. Hata ikibaki nusu, nailaza hivyo hivyo mpaka kesho iishe."

"Betri hii haitaki hivyo, shangazi. Inataka kuchajiwa kila siku ukirudi, hata kama imetumika kidogo. Kulazwa tupu ndiko kunakoiua."

Alizungusha bila kitambaa gurudumu la cherehani, tuliyoileta nyumbani kiti kilipogoma.

"Kwa hiyo si mvua," alisema. "Ni mimi."

Nimekuwa nikidhani shangazi haogopi kitu. Leo niliona mikono yake ikitafuta kazi ya kufanya.

Jumatano, 9 Aprili

Fundi anasema kubadilisha moja tu ni kosa. Mpya ikifungwa na kuukuu, kuukuu hujaa haraka na kuchemka, na mpya hubaki na njaa. Lazima ziwe pacha. Anazo mbili zilizotoka kwenye kisanduku cha mnara wa simu, zilizotengenezwa siku moja, amezipima mwenyewe. Kama malipo anataka tumshonee turubai jipya la kibanda chake, maana la sasa linavuja juu ya redio.

"Redio yenyewe ilowe tu," shangazi amesema. Lakini amekubali.

Jumapili, 13 Aprili

Mama alipiga. Sijambo, shule nzuri.

Turubai ni gumu. Shangazi anazungusha kwa mkono wa kulia, mimi navuta kwa upande wa pili. Tumefanya kazi bega kwa bega tangu mchana. Hatukuzungumza sana. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote mwezi huu, na naandika hivyo hapa kwa sababu najua: kiti kikipona, hatanihitaji nyuma yake.

Alhamisi, 17 Aprili

Betri zimefungwa. Fundi alichaji kila moja peke yake kwanza, ili zianze safari sawa. Nimepima baada ya kupumzika saa nne: 12.7 na 12.7.

Jumamosi, 19 Aprili

12.7 na 12.7. Mvua usiku, jua asubuhi.

Jumanne, 22 Aprili

Shangazi amepanda mwenyewe siku nne za kazi mfululizo. Akirudi tu, kabla ya kuvua viatu, anachomeka chaja. Leo alisahau, nikamsikia akijigombeza kwa jina la utani la utotoni ambalo sikulijua.

Sasa narudi kutoka shule nyumba ikiwa tupu. Nasoma. Saa ya ukutani ina sauti kubwa kuliko nilivyokumbuka.

Jumamosi, 26 Aprili

Baba mdogo alifika saa nne, gari limeoshwa, kiti cha nyuma kimetandikwa shuka. Mvua ilikuwa nzito, ya kuaga.

"Tungoje ipungue," alisema.

"Mvua ya tarehe kumi na mbili haikunisubiri," shangazi akajibu, akatoka.

Nilimpa baba mdogo nyaya. Nilitaka asome mwenyewe, isiwe mwandiko wa mtu. Nilimwonyesha pa kugusisha. Shati lake lililonyooka liliganda mgongoni kabla hatujafika duka la dawa.

"Kushoto?" shangazi aliita.

"Kumi na mbili na... nukta tatu."

"Kulia?"

"Kumi na mbili na nukta tatu."

Pale penye ukali baba mdogo aliinama zaidi, karibu pua iguse gurudumu. "Kumi na mbili kamili," alisema. "Kumi na mbili kamili. Dada, zote mbili." Kiti hakikupunguza mwendo. Sisi ndio tuliobaki nyuma, tukihema, na nyaya zikaponyoka mikononi mwake.

Shangazi hakugeuka. Alifika mlangoni kwake, akatoa ufunguo shingoni, akafungua.

Baba mdogo alisimama mvuani. Nilidhani amekasirika. "Kila mvua ikinyesha na simu ikalia," aliniambia polepole, "nadhani ni yeye, amekwama mahali, na hataki mtu amguse. Miaka yote. Wewe hujui."

Nilikuwa nimemwona kama mtu aliyekuja kumchukua. Sikufikiri kwamba na yeye alikuwa na karatasi yake ya namba nyekundu, kichwani.

Ndani, shangazi alimvua shati, akamfunga kitambaa kikavu mabegani, akamshonea vifungo viwili vilivyolegea. Hakuna aliyetaja gari. Nilirudi nyumbani peke yangu kuandika kipimo kwenye karatasi, kwa kalamu ya bluu.

Jumapili, 27 Aprili

Hakuna mvua. Saa mbili nilichomoa chaja. Saa nne mama alipiga. Hujambo? Sijambo. Shule? Nzuri. Nilikata simu nikitabasamu, na shangazi alikuwa mezani akinitazama.  Aliendelea kukata kitambaa.

Saa sita nilipima. 12.7, 12.7. Nikaandika. Nikakaa na kitabu karibu na dirisha.

Saa nane nilisikia mota. Kiti kilikuja hadi mlangoni pangu kikasimama. Shangazi hakuwa na pini mdomoni.

"Nimekuacha saa nne nzima," alisema. "Sasa niambie. Hujambo?"

Nilitazama ukurasa. Ulikuwa ule ule wa asubuhi.

Akaingia ndani, akazima kiti, akakunja mikono mapajani kama mtu asiye na safari.

Nikamwambia.